Keto, chai ya zambarau na Neno la Hekima: maswali yenu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao majirani wamezoea kuwaita Wamormoni. Kwa msomaji asiyewafahamu: Neno la Hekima ni mafundisho yao kuhusu afya, ambayo waumini wanaamini Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, aliyapokea kwa ufunuo huko Kirtland, Ohio, tarehe 27 Februari 1833. Yamo katika sehemu ya 89 ya Mafundisho na Maagano, mojawapo ya vitabu vyao vitakatifu. Yanakataza pombe, tumbaku na "vinywaji vya moto", na mwaka 1842 Hyrum Smith, kaka yake Joseph, alieleza kwamba maana yake ni chai na kahawa. Tangu 1921, chini ya Heber J. Grant, rais wa kanisa wakati huo, anayetaka kuingia hekaluni ni lazima ayafuate.

Hiyo ni nusu ya kwanza, na kila mtu anaijua. Nusu ya pili inasifu nafaka, mboga na matunda kwa majira yake, na inataka nyama itumike kwa uchache. Milo mipya inayosambazwa kwa simu hugongana zaidi na nusu hii ya pili, kwa hiyo tumeipa nafasi kubwa.

Natumia chai ya zambarau kutoka Nandi Hills ili nipunguze kitambi. Anayeniuzia anasema si majani ya kawaida, ni dawa. Rafiki yangu naye anasema chai ya kijani haina shida kwa kuwa si nyeusi. Je, navunja Neno la Hekima? — Dada wa Kondele, Kisumu

Dada, hiyo ni chai. Nyeusi, ya kijani, nyeupe na ya zambarau zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis, ule ule unaouona ukipita Kericho. Majani ya chai nyeusi husagwa na kuachwa yakutane na hewa mpaka yageuke rangi. Ya kijani hupashwa moto mapema ili yasigeuke. Ya zambarau huchumwa kwenye mche uitwao TRFK 306, uliotolewa kwa wakulima 2011 na watafiti wa chai wa Kericho. Rangi yake inatokana na anthosiani, kemikali ile ile inayoipa kabichi nyekundu rangi yake. Mche umebadilika, mmea haujabadilika. Agosti 2019 jarida la vijana la kanisa lilisema wazi kwamba chai ya kijani na nyeusi ni majani ya mmea mmoja na zote zinakatazwa, na kwamba chai iliyotiwa barafu bado ni chai.

Usikimbilie vidonge vya chai ya kijani ukidhani vitakusaidia kukwepa neno "kinywaji". Kwanza ni mmea ule ule. Pili, mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba gramu 0.8 au zaidi kwa siku ya kemikali yake kuu, EGCG, ikimezwa kama kirutubisho, imehusishwa na dalili za ini kudhurika.

Ukiletewa pakiti ya "chai ya kupunguza tumbo" isiyo na majani ya chai, igeuze usome viambato. Mara nyingi utakuta sanamaki, ambayo hata wazee wa pwani wanaijua: ni dawa inayokufanya uharishe. Mizani itashuka kilo moja au mbili kwa sababu umepoteza maji na potasiamu. Ukinywa maji, kilo zinarudi. Ukiitumia kwa wiki nyingi, utumbo huzoea na unashindwa kufanya kazi bila hiyo.

Najua swali lenyewe pengine ni hili: mgeni akija, utamwekea nini mezani, na wewe asubuhi utashika kikombe gani? Mchaichai, tangawizi, mnanaa na rozela si majani ya chai, na hakuna katazo juu yake. Chukua maji vikombe viwili, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa, majani matatu ya mchaichai yaliyofungwa fundo, na iliki nne. Chemsha kwa dakika kumi, *ndipo* uongeze maziwa vikombe viwili na uache yachemke tena. Wengi hutia tangawizi na maziwa pamoja, maziwa yakakatika, wakamlaumu muuza maziwa. Kosa si lake. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na dakika hizo kumi za kuchemka ndizo zinazokiua. Ukitaka rangi ya chai, kabla ya kuanza weka kijiko kimoja cha sukari kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mpaka iwe kahawia, kisha mwaga maji polepole ukiwa umesogea nyuma, kwa maana yataruka. Ikiwa nyeusi imeungua na itakuwa chungu, anza upya.

Nimeambiwa hospitalini nipunguze kilo kumi. Nimeanza keto: sili ugali wala chapati, nakula nyama na mayai mara tatu kwa siku. Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu. Mke wangu anasema nimeyaacha mafundisho. — Ndugu wa Milimani, Nakuru

Ndugu, mke wako ameshika jambo la kweli, ingawa neno "kuacha" ni zito mno. Aya ya 12 ya sehemu ile ya 89 inasema nyama itumike kwa uchache na kwa shukrani, na ya 14 inaiita nafaka tegemeo la maisha. Mlo wa nyama mara tatu kwa siku bila chembe ya nafaka umezigeuza aya hizo kichwa chini. Hata hivyo, kwenye mahojiano ya hekalu huulizwi umekula nyama kilo ngapi; unaulizwa kama unalielewa na kulitii Neno la Hekima. Kipimo cha nyama umeachiwa wewe na dhamiri yako. Kwa maoni yetu, hilo linaongeza wajibu.

Sasa hesabu. Keto kwa kawaida hukuruhusu wanga gramu 20 hadi 50 kwa siku. Unga wa mahindi, kila gramu 100, una wanga kama gramu 76. Kikombe cha robo lita kilichojaa unga kina uzito wa gramu 140 hivi, na ugali wake, ukigawanywa kwa watu watatu, humpa kila mmoja wanga gramu 35. Kwa hiyo kipande kimoja cha wastani kinakaribia kumaliza mgao wa siku nzima. Keto na ugali havikai sahani moja, na usidanganywe na mtu anayesema unaweza kuchanganya.

Zile kilo tatu nyingi ni maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu hushika maji kama gramu tatu. Ukikata wanga, akiba hiyo inaisha na maji yanatoka, na chumvi inatoka nayo. Ndiyo sababu ya kichwa kuuma na misuli kukaza. Na hili lisome mara mbili: kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, usikate wanga kabla daktari hajapunguza dozi. Sukari inaweza kushuka mpaka uzirai.

Kupungua kilo kumi hakuhitaji keto. Nusu ya sahani iwe mboga: managu, saga, kunde au mrenda. Robo iwe maharagwe, ndengu, omena au samaki. Robo iliyobaki iwe ugali wa unga wa posho, usiochekechwa, usiozidi ngumi yako. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina protini gramu 15 hivi na nyuzinyuzi karibu kiasi hicho, ndiyo maana hushibisha mpaka jioni. Kwa nyama nyekundu, ushauri wa kimataifa wa kukinga saratani ni isizidi gramu 350 hadi 500 iliyopikwa kwa wiki. Hiyo ya juu ni kama robo tatu ya kilo pale buchani, kwa mtu mmoja, kwa wiki nzima. Jipimie, halafu ulinganishe na unachokula sasa.

Kosa moja jikoni: mrenda na kunde zikitiwa magadi mengi hulainika haraka lakini vitamini C inaharibika. Nusu kijiko cha chai kwa sufuria ya familia inatosha. Kamua limau mezani pia, maana asidi yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo, kwa hiyo hapo asiyekunywa chai yuko mbele tayari.

Aya ya 17 inasema mahindi ni ya ng'ombe na ngano ni ya binadamu. Sisi wa Bungoma tufanyeje? — Mzee wa Webuye

Mzee wetu, rudi nyuma aya moja. Ya 16 inasema nafaka zote ni njema kwa chakula cha mwanadamu. Orodha ya ng'ombe, farasi na kuku inafuata baadaye na haifuti hilo. Kula ugali wako kwa amani. Angalia tu mahindi yasipelekwe kusagwa yakiwa na ukungu. Yakaushe mpaka unyevu uwe chini ya asilimia 13.5, kwa sababu sumu ya aflatoksini haiishi kwa kupikwa.

Nafuata mfungo wa saa 16 kila siku. Je, unahesabika kama mfungo wa Jumapili? Na mbona Jumapili hiyo kichwa kinanipasuka? — Mwanafunzi, Njoro

Hauhesabiki. Mfungo wa Jumapili ya kwanza ya mwezi ni wa saa 24 hivi bila chakula wala kinywaji, kwa kawaida milo miwili mfululizo, ukiambatana na sala na toleo la mfungo, yaani sadaka. Ule wa saa 16 unaruhusu maji, na lengo lake ni uzito. Unaweza kuushika siku za kawaida, ila miongozo yake mingi inakwambia unywe kahawa isiyo na maziwa wala sukari, au chai ya kijani, asubuhi. Weka maji ya moto yenye limau mahali pake.

Kichwa kina sababu mbili. Moja ni maji: Jumamosi wengi hula chipsi na nyama yenye chumvi, kisha wanaanza kufunga wakiwa na kiu tayari. Ya pili ni kafeini. Kama kila siku unakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu, kopo la mililita 250 lina kafeini kama miligramu 80, na kichwa huanza kugonga saa 12 hadi 24 baada ya kopo la mwisho, yaani katikati ya mkutano wa sakramenti, ibada ya Jumapili. Kanisa lilieleza 2012 kwamba miongozo yake haitaji kafeini, hivyo soda si katazo. Lakini kama mwili wako unadai kopo hata siku ya kufunga, hilo ni jambo la kulitazama. Punguza nusu kopo kila siku tatu, usiache kwa ghafla.

Jumamosi kunywa maji tangu mchana, kula viazi vitamu, maharagwe na mboga saa kumi na moja jioni, ufunge kuanzia saa kumi na mbili. Jumapili saa kumi na mbili jioni anza na maji na uji mwepesi, subiri nusu saa, kisha ule. Ukivunja mfungo kwa sahani ya pilau tumbo litakaza. Wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa wa kisukari na watoto wadogo hawalazimiki. Toleo ni angalau thamani ya milo miwili uliyoacha. Kama huwa unakula kwenye kibanda, ni bei ya sahani zako mbili, na zaidi ukijaliwa.

Busaa ni ya nafaka, na ufunuo unataja shayiri kwa vinywaji vyepesi. Je, si halali? Na uji uliochachuka je? — Mama wa Mumias

Mama, busaa ni pombe, na pombe imekatazwa. Shayiri inayolimwa Mau Narok na Molo kwa kiasi kikubwa huishia kwenye bia, lakini aya hiyo haifungui mlango wa bia. Shayiri iliyokaangwa na kuchemshwa kwa maji, kijiko kimoja kwa kikombe, ni kinywaji kizuri kisicho na kilevi.

Uji wa kuchachusha ni jambo jingine. Kinachoufanya uwe mkali ni asidi ya laktiki, kama kwenye maziwa lala. Kilevi hutokea hamira ikipata sukari nyingi, na kimea, yaani nafaka iliyoota, ndicho kinachotoa sukari hiyo. Ndiyo sababu busaa haifanyiki bila kimea. Basi wewe usikitie. Koroga kikombe kimoja cha unga wa wimbi na vikombe viwili vya maji vuguvugu, funika kwa kitambaa. Mumias au Kisumu saa 24 zinatosha. Molo kwenye baridi huchukua hata saa 48. Mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka ukikoroga, upike dakika kumi na tano. Ukali uwe wa limau. Ukikuta povu zito na harufu ya pombe kabla ya kupika, mwaga wote, osha chombo kwa maji ya moto, na usiweke akiba yake kuanzishia uji mwingine.