Kuku 200 nyuma ya nyumba Tomondo: hata tofali moja usiweke kabla ya karatasi

Usijenge. Mengine nitakwambia, lakini hilo lisome kwanza.

Umeandika kwamba unataka kuku 200 wa mayai nyuma ya nyumba Tomondo, hapa Unguja, uwanja futi 20 kwa 30, vifaranga uingize Desemba na fundi keshapatikana. Unauliza kama kibali kinahitajika, chanjo gani, chakula kipi na soko la mayai likoje. Na mtu mmoja kakujibu, "Jenga tu, kuku si ng'ombe." Maneno hayo hayo niliambiwa mie Fuoni na muuza vifaranga, na pesa zilizopotea mpaka leo hazijarudi.

Bwana yule alikuja na utepe wake wa kupimia, akauzunguka uwanja, akasema huku ni shamba, si Mji Mkongwe, hakuna atakayekuuliza. Nikamuuliza habari ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu. Ah, sheha keshazungumza naye, hana neno. Na kweli sheha akapita siku moja, akautazama msingi, akasema, "Haya, Mungu akujaalie." Basi muuza vifaranga akanigeukia, "Umesikia? Kibali hicho." Ile ilikuwa dua, yakhe! Dua haina muhuri.

Banda likasimama, ubavu mmoja umegusana na ukuta wa jirani. Kuku wakakua vizuri hasa. Ikaja masika. Mvua ya masika haishuki wima, inapiga ubavuni, inaingia kwenye wavu, na randa, yale mabaki ya mbao tunayowatandikia kuku chini, inalowa. Randa iliyolowa ikichanganyika na kinyesi inatoa amonia, harufu ya kuchoma macho, mlango ukifungua tu unarudi nyuma. Upande wa pili wa ukuta ule jirani ndipo anapoanika nguo, na chumba cha nyuma analala mama yake, mtu mzima mwenye kifua. Jirani hakunifanyia ubaya. Alikuja kuniambia, akarudi tena, ndipo akenda kwa sheha, na kwa sheha mambo yakafika manispaa.

Walipokuja maofisa, mmoja aliinama akachota randa, akaikamua kwa mkono, maji yakachuruzika mpaka kwenye kiatu chake. Akaniuliza jambo moja tu: kibali kiko wapi? Sheha aliyekuwepo akasema yeye hakuandika barua yoyote, na alisema kweli. Muuza vifaranga nikampigia pale pale mbele yao. Hakupokea, na hajapokea tena. Leo anauza vifaranga kama kawaida, na naamini kuna mtu wiki hii kaambiwa kuku si ng'ombe.

Nikapewa notisi niondoe. Sasa kaa uihesabu hasara kwa kuku wako 200. Kuku wa mayai mpaka wiki ya 17 keshakula karibu kilo 6 za chakula. Mara 200 ni kilo 1,200, yaani mifuko 24 ya kilo 50, na bado hujaona yai hata moja, maana wanaanza kutaga kwenye wiki ya 18 mpaka 20. Wangu vilemba vilishaanza kuwa vyekundu, wanachuchumaa ukiwagusa mgongoni, dalili kwamba yai liko karibu. Katika hali hiyo ndiyo nimewauza kwa nyama. Na kuku wa mayai ana nyama gani? Mnunuzi anamshika kifuani, anasikia mfupa, anakutajia bei ya kukutoa machozi, na anajua huna pa kuwapeleka. Banda nikalivunja kwa pesa yangu.

Na wewe ukiingiza vifaranga Desemba, wiki ya 17 inaangukia Aprili, katikati ya masika. Kuku 200 kwa watano kila mita ya mraba wanataka mita 40. Futi zako 20 kwa 30 hazifiki mita 56. Banda lako litaegemea ukuta wa mtu, huna ujanja. Na kinyesi chao si chini ya kilo 20 kwa siku. Utakipeleka wapi?

Kwa hiyo anza na majirani wote wanaopakana nawe, uwaambie idadi, si "vikuku viwili vitatu". Waombe saini. Nenda nazo kwa sheha, akuandikie barua, si akuombee dua. Barua ile peleka Baraza la Manispaa na kwa afisa mifugo, aje auone uwanja kabla hujachimba msingi. Karatasi ya kibali itaje kuku wangapi, banda liko umbali gani na ukuta wa jirani, samadi inatolewa vipi. Saini na muhuri, uweke nakala ndani. Wenzetu wa Pemba, Chake, Wete na Mkoani mna mabaraza yenu ya mji, mwendo ni huo huo. Aliyeko Mji Mkongwe ndiyo kabisa, kule hata ukuta huugusi bila mamlaka yao.

Vifaranga ukivitoa Dar, kibali cha kuviingiza kifuatilie idara ya mifugo kabla havijapakiwa kwenye boti. Chanjo ya mdondo (kideri) usikose, ile ya matone ya jicho inarudiwa kila miezi mitatu, na ya gumboro, maradhi mengine ya kuku, wakiwa wadogo. Wavu mpaka juu, kunguru wa hapa kifaranga hawakisazi.

Wakikukubalia 50 badala ya 200, chukua 50, banda likae mbali na ukuta. Na fundi mpigie leo hii umwambie asilete tofali. Kama keshaleta, yakae hapo hapo mpaka sheha akupe barua mkononi.