Maswali yenu kuhusu Mound Bayou: hati, deni na kura

Makala niliyoandika kuhusu Mound Bayou, mji mdogo wa Wamarekani Weusi ulioanzishwa mwaka 1887 katika jimbo la Mississippi, imeleta barua nyingi. Nimechagua chache. Zile zilizouliza mambo ambayo makala yenyewe ilikwisha kuyaeleza nimeziweka kando, isipokuwa moja ambayo wameirudia watu wengi kiasi kwamba kuipita kimya kungekuwa dharau.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Huu si ndio mji uliochomwa moto na wazungu mwaka 1921? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. Hapana, siyo. Uliochomwa mwaka 1921 ni Greenwood, nao ulikuwa mtaa wa watu weusi ndani ya mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma. Mound Bayou ulipata moto wake mwaka 1941, ukateketeza sehemu kubwa ya maduka, lakini haukuletwa na kundi la wavamizi. Naomba tuache mazoea ya kudhani kwamba kila mji wa weusi nchini Marekani uliishia majivuni. Mingi ilidhoofishwa na bei ya pamba, madeni na vijana kuhamia Chicago, mambo ambayo hayapigwi picha na kwa hiyo hayasambazwi kwenye simu zenu.

Swali: Nimesoma kwamba mwanzilishi wake alikuwa mtumwa wa Jefferson Davis, rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Ni kweli? (Msomaji, Nakuru)

Umekaribia. Isaiah Montgomery, aliyezaliwa mwaka 1847, alikuwa mtumwa wa Joseph Davis, kaka mkubwa wa huyo Jefferson, katika mashamba ya pamba ya Davis Bend, kwenye pindo la mto Mississippi kusini ya Vicksburg. Lakini huwezi kumwelewa Isaiah bila kuanza na baba yake.

Benjamin Montgomery alikuwa mtumwa aliyejua kusoma, kupima ardhi na kutengeneza mitambo, na Joseph Davis alimwachia aendeshe duka la shamba kwa faida yake mwenyewe. Alibuni rafadha ya boti za mvuke, akaomba hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi, akanyimwa, kwa kuwa mwanasheria mkuu wa Marekani alikuwa ameamua mwaka 1858 kwamba uvumbuzi wa mtumwa haustahili hataza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha, mwaka 1866, Joseph Davis alimuuzia mashamba hayo kwa dola 300,000, zote kwa mkopo. Mauzo yalifichwa mwanzoni, kwa sababu sheria ambazo Mississippi ilizitunga mwaka 1865 ziliwabana watu weusi wasishike ardhi ya mashambani. Kwa miaka kadhaa Benjamin akawa miongoni mwa wakulima wakubwa wa pamba katika jimbo zima, na mwaka 1867 akateuliwa kuwa mwamuzi wa mashauri madogo, cheo ambacho hakuna mtu mweusi aliyewahi kukishika huko kabla yake.

Kisha deni likafanya kazi yake. Mto ulifurika mwaka huohuo wa 1867 ukalikata pindo likawa kisiwa, bei ya pamba ikashuka, Joseph akafariki mwaka 1870, na Jefferson Davis akaenda mahakamani kudai sehemu aliyosema ni yake. Benjamin alifariki mwaka 1877. Mwaka uliofuata mahakama kuu ya jimbo ikampa Jefferson Davis alichokitaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 mashamba yaliyobaki yakarudi mikononi mwa warithi wa Joseph. Isaiah alijifunza kutokana na hayo kwamba kulima vizuri hakutoshi iwapo hati iko kwa mwingine, na maisha yake yote yaliyofuata yanasomeka kama juhudi ya kutorudia msiba wa baba yake, ikiwa ni pamoja na jambo moja ambalo heri asingelifanya. Nitalifikia.

Swali: Je, kwa kuwa ni Delta, wakazi wake walikuwa wavuvi? (Msomaji, Lamu)

La, walikuwa wakulima wa pamba: watu wa kule huita Delta bonde tambarare lililo kati ya mito Mississippi na Yazoo, mbali kabisa na bahari.

Swali: Mound Bayou unathibitisha kwamba mtu mweusi akiacha kulalamika akajitegemea, anafanikiwa. Kwa nini hukulisema hilo waziwazi? (Msomaji, Dodoma)

Sikulisema kwa sababu si kweli, na barua za namna hii zimenichosha. Wanaoziandika huwa wamesoma nusu ya kwanza ya habari.

Isaiah Montgomery na binamu yake Benjamin Green walipata ardhi kwa sababu kampuni ya reli ya Louisville, New Orleans and Texas ilikuwa imepitisha njia yake katikati ya msitu wa kinamasi kati ya Memphis na Vicksburg, ikahitaji watu wa kuufyeka na mazao ya kusafirisha. Walianza na ekari 840. Walowezi walikata miti, wakauza mbao, wakaenda kufanya vibarua katika mashamba ya jirani ili wapate fedha za kulipia viwanja, na kabla ya pamba ya kwanza kuchanua wengi walikuwa wameugua homa za kinamasi. Jasho hilo lilikuwa lao wenyewe, nami siwanyang'anyi sifa. Serikali ya jimbo iliutambua kuwa kijiji mwaka 1898, Montgomery akawa meya, na mwaka 1912 ukapandishwa kuwa mji.

Lakini mtaji ulitoka wapi? Charles Banks alifungua Benki ya Mound Bayou mwaka 1904, akawa mtu wa karibu sana wa Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi mashuhuri wa weusi, na kupitia kwa Washington akabisha hodi kwa matajiri wa Kaskazini. Kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba kilijengwa kwa hisa zilizonunuliwa na watu weusi wa Mississippi, wengi wao maskini, lakini hisa hizo hazikutosha hata Julius Rosenwald, tajiri wa kampuni ya Sears, akaombwa mkopo. Washington mwenyewe alihutubia maelfu ya watu siku ya uzinduzi mwaka 1912. Miaka miwili baadaye vita vilipozuka Ulaya soko la pamba likaporomoka, na mwaka huohuo wa 1914 benki ikafunga milango. Bei ilipanda tena, ikaanguka vibaya mwaka 1920, na wakulima waliokuwa wameweka mashamba rehani wakayapoteza.

Nani kati yao aliacha kujituma? Mji mzima ulitegemea zao moja ambalo bei yake ilipangwa Liverpool na New York. Mkulima wa kahawa au pamba wa kwetu angepaswa kuelewa jambo hili kabla ya mtu mwingine yeyote, na ndiyo maana nashangaa barua hii kutoka katika nchi ya wakulima. Ukimsikia mtu akikuuzia semina ya utajiri kwa kutumia mfano wa Mound Bayou, muulize benki ilifungwa mwaka gani.

Swali: Ulitaja kwa haraka kwamba Montgomery aliunga mkono kuwanyima weusi kura. Je, hukumwonea? Alikuwa kiongozi wa maendeleo, si wa siasa. (Msomaji, Kampala)

Sikumwonea. Mwaka 1890 Mississippi iliitisha mkutano wa katiba ambao lengo lake, kwa maneno ya wajumbe wenyewe, lilikuwa kuwaondoa watu weusi katika upigaji kura. Montgomery alikuwa mjumbe pekee mweusi. Alisimama akahutubia, akaunga mkono kodi ya kura, ambayo asiyeilipa hapigi kura, na sharti la mpiga kura kuweza kusoma kifungu cha katiba au kukieleza anaposomewa, huku msahihishaji akiwa ofisa mzungu. Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri aliyewahi kuwa mtumwa, alimshutumu hadharani, na magazeti mengi ya wazungu yakampongeza, jambo ambalo pekee lingetosha kumshtua mtu mwenye hekima yake.

Naelewa hesabu aliyoipiga. Mji wake ulikuwa na umri wa miaka 3, umezungukwa na wazungu wenye bunduki, na aliamini kwamba akiwaachia kura wangemwachia ardhi. Waliiacha kweli: Mound Bayou haukuvamiwa. Hata hivyo, kura alizozitoa hazikuwa zake peke yake. Zilikuwa za watu weusi wa jimbo zima, ambao wengi wao hawakuwa na ekari hata moja ya kufarijiwa nayo, na masharti yale yalidumu hadi miaka ya 1960. Tena bila kura hapakuwa na mbunge wa kumpigia simu benki ilipoyumba, wala wa kudai fungu la shule na barabara. Unaponiambia kwamba kiongozi fulani ni wa maendeleo na si wa siasa, mimi huuliza ni haki ya nani amekwisha kuitoa.

Swali: Hospitali uliyoitaja ilijengwa na serikali au wamisionari? (Msomaji, Bujumbura)

Wala serikali, wala wamisionari. Ilijengwa na chama cha kufa na kuzikana, kile mnachokijua ninyi nyote, ila kikubwa. Kilijulikana kama Mashujaa na Mabinti wa Tabor, wanachama wake wakiwa vibarua, wapangaji wa mashamba na mayaya, na kikiongozwa huko Mississippi na Perry Smith. Hospitali ya Tabor ilifunguliwa mwaka 1942 ikiwa na vitanda 42, madaktari na wauguzi weusi, na mlango wa mbele ambao mgonjwa mweusi aliruhusiwa kuupita, jambo lisilokuwa la kawaida katika Mississippi ya wakati ule. Kwa ada ya mwaka isiyofika dola 10 mwanachama aliweza kulazwa na kupasuliwa bila kudaiwa, na akifa, ndugu zake wakapata fedha za mazishi.

Msiifanye hadithi ya malaika. Mkuu wa upasuaji, Dk. T.R.M. Howard, alikosana na uongozi, akaondoka mwaka 1947, na punde kidogo mji wa watu wachache ukawa na hospitali mbili zikigombea wagonjwa walewale. Mwaka 1967 zote mbili zilichukuliwa na mpango wa serikali kuu wa kupambana na umaskini, zikaunganishwa, na vyama vilivyozijenga vikapoteza sauti. Humo ndimo alimofia Fannie Lou Hamer, mpigania haki mashuhuri wa Delta, mwaka 1977. Hospitali ilifungwa mwaka 1983.

Swali: Kwa nini watu hawa hawakurudi tu Afrika? (Msomaji, Muscat)

Kwa sababu walizaliwa Mississippi, kama wewe ulivyozaliwa ulikozaliwa. Waliotaka kwenda walijaribu: mwaka 1914 Chifu Alfred Sam alipakia meli watu kutoka miji ya weusi ya Oklahoma akawapeleka Gold Coast, Ghana ya leo, na wengi walirejea wakiwa wamefilisika.

Swali: Emmett Till anahusianaje na mji huu? (Msomaji, Minneapolis)

Kijana huyo mweusi wa miaka 14 aliuawa na wazungu katika Delta Agosti 1955, na kesi ya wauaji wake ikasikilizwa Sumner mwezi uliofuata. Mama yake, waandishi weusi na baadhi ya mashahidi hawakuwa na mahali pa kulala kwa usalama katika Delta nzima isipokuwa Mound Bayou, nyumbani kwa Dk. Howard, ambako kulikuwa na walinzi na silaha za kutosha. Kila asubuhi waliendeshwa hadi mahakamani, jioni wakarudi. Huo ndio ulikuwa utajiri halisi wa mji ule: hapakuwa na polisi mzungu ndani yake.

Howard alikwisha kuutumia utajiri huo. Mwaka 1951 alianzisha Baraza la Kanda la Uongozi wa Weusi, ambalo mikutano yake ya kila mwaka mjini hapo ilikusanya maelfu. Wanachama walibandika kwenye magari karatasi zilizosema usinunue petroli mahali usiporuhusiwa kutumia choo. Medgar Evers, mpigania haki mwingine mashuhuri wa Mississippi, alijifunza siasa hapo, akiwa wakala wa kampuni ya bima ya Howard. Na mabenki ya wazungu yalipoanza kuwabana waliodai haki, yakidai mikopo ilipwe papo hapo, Howard na wenzake walihimiza watu na vyama vya nchi nzima kuweka akiba katika Benki ya Tri-State ya Memphis, iliyomilikiwa na weusi, ili ikopeshe walionyimwa. Huyu alielewa kile ambacho mwaka 1890 kilifumbiwa macho: kura na mkopo vinashikana. Mwaka 1956, baada ya vitisho vingi, alihamia Chicago.

Swali: Haya yote yanatuhusu nini sisi? (Msomaji, Arusha)

Zaidi ya unavyodhani. Kituo cha afya cha Delta, kilichofunguliwa Mound Bayou mwaka 1967 na kuwa cha kwanza cha aina yake vijijini Marekani, kilibuniwa na Dk. Jack Geiger, ambaye alikuwa amejifunza namna ya kuendesha kituo cha jamii huko Pholela, Afrika Kusini, mwaka 1957. Madaktari wake waliwaandikia watoto wenye utapiamlo chakula, kikalipiwa kutoka fungu la dawa. Serikali ikalalamika, nao wakajibu kwamba dawa ya njaa ni chakula. Kisha wakasaidia wananchi kuanzisha ushirika wa kilimo. Wazo lilitoka Afrika kwenda Mississippi, ingawa tumezoea kupewa habari hizi kinyumenyume. Tena Bob Moses, aliyeandikisha wapiga kura katika Mississippi hiyohiyo, alifundisha hisabati Same, Tanzania, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960. Waulizeni wazee wa Same.

Swali: Nataka kuutembelea. Nitaona nini? (Msomaji, London)

Mji wa watu wapatao 1,500, wenye umaskini usiofichika, kando ya Barabara Kuu namba 61. Nyumba ya matofali ya Montgomery, iliyojengwa mwaka 1910, bado imesimama. Kituo cha afya bado kinatibu watu. Jengo la Hospitali ya Tabor lipo. Ni watu wanaoishi pale, kwa hiyo salimia kabla ya kutoa kamera. Mji mkubwa wa jirani unaitwa Cleveland, na nakusihi usome tiketi yako vizuri, kwa maana Cleveland inayojulikana na wauza tiketi iko Ohio.