Kabla ya kununua gemu ya pili, icheze tena ile ya kwanza

Nilikuwa nimecheza saa thelathini na kitu nilipoweka padi, kile kidhibiti cha mkononi, chini, nikabaki naikodolea macho skrini. Mbele yangu palikuwa na mdomo wa pango. Nilikwisha kuingia mapango mengi mno ya aina ile, na kabla sijawasha taa nilijua kilichomo: goblini wachache, mijusi yenye mikuki, na mwisho kabisa sanduku lenye kitu ambacho tayari ninacho begani. Gemu yenyewe ni Dragon's Dogma 2, iliyotoka tarehe 22 Machi 2024. Ya kwanza ilitoka mwaka 2012. Nilikuwa nimesubiri miaka 12, na nililipia kabla haijatoka.

Iliniuma, na bado inaniuma kidogo ninapoandika. Ile ya kwanza ndiyo iliyonifundisha kuogopa usiku ndani ya gemu. Giza likiingia lilikuwa giza kweli, huoni zaidi ya mwanga wa taa iliyofungwa kiunoni, na wale wasaidizi watatu unaotembea nao wanaanza kukuonya. Ukikutana na jitu, unalipanda mgongoni na kulichoma kisogoni huku likijaribu kukutupa. Sikuwahi kupata tena hisia ile kwenye gemu nyingine, kwa hiyo niliposikia mwendelezo unakuja nikaingia kichwakichwa.

Baada ya ile siku ya pango nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema: nikairudia gemu ya kwanza, kama saa kumi hivi. Na hapo ndipo nilipopata cha kuwaambia wengine. Karibu nusu ya malalamiko yangu yalikuwa mambo yaliyokuwemo tangu zamani. Kutembea mwendo mrefu kwenye barabara ileile? Kulikuwepo. Goblini wale wale kwenye kona ile ile? Walikuwepo. Hadithi inayokimbia mwishoni kama inayofukuzwa? Hata hiyo. Miaka 12 ilikuwa imevifuta vyote hivyo kichwani mwangu, ikaniachia usiku na majitu tu. Gemu niliyokuwa naisubiri haikuwahi kuwepo mahali popote.

Lakini nusu nyingine ilibaki, na hiyo siwezi kujilaumu nayo. Katika ile ya kwanza unachagua kazi ya mpiganaji wako, na katika kazi nyingi alibeba mbinu sita, tatu kwa kila silaha. Katika ya pili ni nne tu. Ukisoma ni tofauti ndogo, ila mkononi unaihisi kila pambano, hasa saa ya ishirini, ambapo unatamani kubadili na huna cha kubadilia. Tena hakuna mahali kama Bitterblack Isle, kile kisiwa cha chini kwa chini kilichoongezwa mwaka 2013 kwenye Dark Arisen, toleo lililopanuliwa la gemu ya kwanza, ambako hata mchezaji mzoefu alikuwa anachungulia mlangoni kabla ya kuingia. Mwendelezo ulitupa ardhi kubwa zaidi, nchi ya Vermund upande mmoja na ya Battahl upande mwingine, lakini viumbe wa kuijaza ardhi hiyo hawakutosha. Ungeniuliza mimi, ningechagua nusu ya ramani na mara mbili ya maadui.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio huo wa kichwa cha habari. Icheze tena ya zamani, kisha andika kwenye karatasi ni kitu gani hasa kinachokufanya usiweke padi chini. Usiandike "ulimwengu mzuri", hilo halikusaidii. Andika kitu unachokifanya kwa vidole: kupanda majitu, kubadili mbinu, kupotea msituni. Ukishapata hicho kimoja au viwili, subiri gemu mpya itoke na utafute video za watu wanaoicheza, wakiwa katikati, wala si mwanzoni. Angalia kama kitu chako kimo.

Kusubiri kuna faida nyingine. Siku gemu hii ilipotoka ndipo wengi wetu tulipoona vitu vikiuzwa kwa pesa halisi, vikiwemo vya kubadili sura ya mhusika na jiwe la kuwekea kituo cha kusafiria. Ni kweli vinapatikana pia ndani ya mchezo, lakini kuvikuta dukani siku ya kwanza kulinivunja moyo. Na ukiingia Vernworth, mji mkuu wa Vermund, mwendo wa picha ulikuwa unashuka vibaya kwa sababu prosesa inafanya hesabu za kila mtu anayepita barabarani. Kwenye kompyuta hapakuwa hata na chaguo la kuanza mchezo upya. Lililetwa na sasisho baadaye. Aliyesubiri mwezi mmoja alinunua gemu iliyo bora kuliko yangu.

Wala usijipe moyo kwamba utarudishiwa pesa. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, kanuni ya kawaida ni siku 14 tangu ununue na usiwe umecheza kufikia saa mbili. Kwa gemu fupi hilo linatosha. Kwa gemu ya ulimwengu wazi, ambamo unazurura utakako, saa mbili za kwanza ndizo zilizotengenezwa kwa uangalifu kuliko zote, na hii ya kwetu inaanza vizuri sana. Uchovu huja ukiwa umeshavuka mstari kitambo.

Na kama umeshainunua na umekasirika kama nilivyokasirika, usiiache bado. Acha kusafisha mapango; yapite. Mtafute Sphinx, yule kiumbe wa mafumbo, huko milimani, maana mafumbo yake ni kazi bora kuliko chochote nilichokutana nacho kwenye gemu ya aina hii, na usiyasome majibu kwa mtu. Kumbuka nafasi ya kusevu ni moja, kwa hiyo lala kwenye nyumba ya wageni kabla ya jambo lolote zito. Ila kabla ya kulala mtazame msaidizi wako machoni. Akianza kukaidi amri na macho yake yakawaka wekundu, ana Dragonsplague, ugonjwa wa wasaidizi, na ukilala mjini ukiwa naye unaweza kuamka ukute wakazi wamekufa. Mwisho nao, usikimbilie kufunga hadithi. Sitasema zaidi, ila nilipolifikia lile linalofichwa nyuma ya mwisho, nilisimama wima chumbani.

Nimeianza upya mwezi huu. Nimechukua mkuki wa kichawi, na situmii mawe ya kusafiria, nakwenda kwa miguu. Juzi mafuta ya taa yaliniishia njiani, bado mbali na mpaka wa Battahl. Wasaidizi wakanyamaza. Nikasikia mabawa juu yetu, sikuona kitu, na mikono yangu ikaibana padi kama ilivyokuwa ikiibana kwenye ile ya kwanza.