Aspirini kwa mtoto mwenye tetekuwanga: usimpe

Mama, unauliza kama mtoto wako wa miaka sita anaweza kunywa nusu ya aspirini, maana homa ya tetekuwanga imempanda na farmasi moja hapo Birere, mtaa wa hapa Goma, wamekwambia haina shida. Ina shida, tafadhali usimpe. Aspirini kwa mtoto mwenye tetekuwanga au mafua makali inaweza kuleta ugonjwa wa Reye: ubongo unavimba, ini linajaa mafuta. Ni nadra, lakini unaua haraka. Marekani waliandikisha wagonjwa 555 mwaka 1979-1980. Wazazi walipoonywa, ukakaribia kutoweka.

Homa mpe parasetamoli kulingana na uzito wake. Soma pia pakiti za dawa za mafua: ukiona "acide acétylsalicylique" kwa Kifaransa, hiyo ni aspirini ileile.

Kama ameshakunywa, mwangalie sana hasa anapoonekana anapona. Akianza kutapika mfululizo, kusinzia kupita kiasi, kuwa mkali bila sababu, kutokutambua, au akishikwa na degedege, usingoje kuche, panda hata pikipiki uende hospitali. Waambie wazi kwamba alikunywa aspirini. Wampime sukari na malaria mara moja, kwa sababu hapa Goma malaria kali na homa ya uti wa mgongo huanza vivyo hivyo. Dawa ya kuuponya ugonjwa wenyewe haipo; wanamtia glukosi kwenye mshipa na kupunguza uvimbe wa ubongo, na akiwahi ana nafasi nzuri ya kupona.