Msalaba juu ya paa: postikadi ya Mjerumani na watu wa limao

SWALI: Shikamoo mzee. Baada ya mazishi ya bibi tulifungua sanduku lake la bati, tukakuta postikadi tatu za enzi ya Mjerumani zenye picha za Moshi na mlima. Baba yake bibi alifanya kazi Tanga kabla ya vita, tunadhani alirudi nazo. Zimeandikwa kwa mkono, herufi zimebanana kama seng'enge. Moja ina stempu yenye meli, na juu ya paa la nyumba kwenye picha kuna alama ya msalaba mdogo. Nilimwonyesha mtalii Mjerumani aliyekuwa ameshuka mlimani, akasema hawezi kusoma hata neno. Sasa kuna mtaalamu wa mali za Mjerumani anasema ni maandishi ya siri yanayoonyesha Wajerumani walipozika mali. Alipaka limao kwenye kona, maandishi ya penseli yakageuka zambarau mbele ya macho yangu. Anataka laki nane amalizie kazi. Je, ipo dawa salama ya kuyatoa maandishi hayo bila yeye? Na je, nizilamineti zisiharibike zaidi? Nimeambatanisha picha.
Msomaji, Uru, Moshi

JIBU: Marahaba. Kabla hujasoma mstari wa pili, kaziweke postikadi hizo ndani ya bahasha kavu, na huyo bwana asizishike tena. Limao ni la samaki.

Nimefanya kazi ya nyaraka na ukarabati wa karatasi za zamani kwa zaidi ya miaka thelathini, na haipiti masika bila mtu kunijia na karatasi ya Mjerumani iliyolowanishwa, iliyokaushwa kwa pasi au iliyopakwa majivu. Wote wamepitia kwa mtaalamu wa namna moja. Wote wanakuja kwangu baada yake.

Tuanze na hiyo zambarau, maana ndiyo iliyokuuza. Wewe uliona penseli ya kawaida, ya kijivu. Ilikuwa penseli ya kopi. Kiini chake ni grafiti na udongo wa mfinyanzi kama penseli nyingine, ila imechanganywa na rangi ya anilini ya zambarau. Ikiwa kavu inaandika kijivu. Ikiguswa na unyevu wowote, yaani mate, jasho, maji ya kisima au limao, rangi ile inayeyuka na kujitokeza. Penseli hizi zilikuwa zikitumika tangu miaka ya 1870, na makarani, wanajeshi na wasafiri walizipenda kwa sababu hazifutiki kwa raba na hazihitaji chupa ya wino ya kubeba porini. Hakuna kilichofichwa kilichofichuka hapo. Ulichokiona ni maandishi yaleyale yakiyeyuka, na rangi ikishatambaa kwenye karatasi hairudi ilikotoka. Angemaliza kadi nzima, ungelipa laki nane kwa ajili ya doa.

Kwa hiyo dawa ya kuyatoa maandishi haipo na haihitajiki, kwa kuwa hayakuingia popote. Yapo juu ya karatasi, yanasomeka. Shida ni kwamba hukufundishwa herufi zake, na huyo mtalii naye hakufundishwa. Watu wanadhani kila Mjerumani anaweza kusoma mwandiko wa babu yake. Hawezi. Zamani shule za kwao zilifundisha mwandiko uitwao Kurrent, ambamo herufi e inafanana na n yetu, s ndefu inafanana na f, na u inawekewa upinde mdogo juu ili isichanganywe na n. Mwandiko huo na ndugu yake Sütterlin uliondolewa mashuleni mwaka 1941. Aliyezaliwa baada ya hapo anauona kama wewe unavyouona, seng'enge. Ila mtaalamu wako akisikia Mjerumani mwenyewe kashindwa, anapiga makofi: umeona, ni siri! Nimeshachoka na hoja hiyo. Mimi hati ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambayo wazee wa pwani waliandikiana barua kwayo, naisoma kwa kubahatisha. Je, hiyo nayo ni ramani ya dhahabu?

Sasa huo msalaba. Huu ndio unaonikera kuliko yote, kwa sababu umeshachimbisha watu mashimo. Mtu aliyekaa mbali na kwao akinunua kadi yenye picha ya mji alioko, jambo la kwanza analofanya ni kuwaonyesha ndugu zake nyumba yake ni ipi. Anachukua kalamu, anaweka alama juu ya paa au dirisha. Kadi za namna hiyo zipo kutoka kila mji duniani uliowahi kuwa na mpiga picha. Na huyu wako ameeleza mwenyewe. Kwenye picha uliyonitumia, pembeni kabisa, ukisimamisha kadi wima, ameandika: "Beim Kreuz wohne ich." Penye msalaba ndipo ninapokaa. Basi. Miaka kadhaa iliyopita alinijia kijana kutoka Arusha na kadi ya boma, hilo lililojengwa mwaka 1900 na ambalo leo ni makumbusho, ikiwa na msalaba kwenye dirisha. Alishauza ng'ombe wawili kumlipa mtu wa kupima. Nilipomsomea maneno yaliyo chini ya picha, kwamba hapa ndipo ofisi yangu na joto ni kali, alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama nina uhakika na neno "ofisi".

Fikiri pia hivi. Postikadi haina bahasha. Karani wa posta anaisoma, mpagazi aliyejua kusoma anaisoma, mwenye nyumba anayeipokea mlangoni anaisoma. Nani aliyezika dhahabu ataandika ilipo kwenye kitu cha kusomwa na kila mkono? Waliotaka faragha walikuwa na njia zao, nazo zinachekesha. Wengine waliandika kwa hati mkato, ile ya Gabelsberger, ili baba wa msichana asielewe. Wengine waliinamisha stempu kwa mshazari fulani, maana miaka ile kulikuwa na mtindo wa lugha ya stempu: ikilala hivi, nakupenda, ikigeuka vile, usiniandikie tena. Siri za kwenye postikadi, zikiwapo, karibu zote ni za mapenzi.

Na meli? Aliniambia mwingine kwamba meli ni dalili mzigo ulikuja kwa bahari. Hiyo ni Hohenzollern, yoti ya mfalme wa Ujerumani, na mchoro huohuo uliwekwa kwenye stempu za Kamerun, Togo, Samoa na makoloni yao mengine. Kama ni ishara ya hazina, basi posta yao iliuza ishara hizo dirishani kwa watu wote.

Tarehe ndiyo ingekuamsha mapema. Hadithi ya hawa watu ni moja siku zote: Wajerumani wakikimbia Waingereza walizika mali njiani. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916. Kadi yako ina tarehe 3.VI.12. Hizo V na I ambazo naamini umeambiwa ni hatua tano kwenda huku na moja kwenda kule, ni namba ya Kirumi ya mwezi. Ni tarehe 3 Juni 1912, karibu miaka minne kabla ya mtu yeyote kuwa na haja ya kukimbia. Ile kadi yako ya pili, ambayo maandishi yamepita juu ya mawingu ya picha, ni ya zamani zaidi, na mwandishi hakuwa anachafua wala kuchora njia. Hadi 1905 posta ya Ujerumani ilitaka upande wa nyuma uwe wa anwani tu, kwa hiyo salamu zilibanwa mbele, pembeni mwa picha au juu yake. Ukitaka kuhakikisha, tazama stempu. Stempu za heller, yaani senti za Mjerumani, zilianza 1905, na kabla yake rupia iligawanywa kwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa. Nikikuza picha yako naona neno PESA.

Kuhusu kulamineti, jibu ni hapana, na naomba uwaambie na ndugu zako wenye vyeti vya ubatizo vya wazee. Mashine ile inayeyusha gundi kwa joto la zaidi ya nyuzi 100 na kuisukuma ndani ya nyuzi za karatasi. Haitoki tena. Picha ya zamani inaweza kupasuka ngozi yake, na asidi iliyomo ndani ya karatasi inabaki humo humo ikiendelea kuila. Albamu za plastiki laini zinazonata nazo ni vivyo hivyo. Tafuta mifuko ya poliesta, ile ngumu inayong'aa na isiyo na harufu. Ukiikosa, bahasha ya karatasi nyeupe isiyo na asidi inatosha, kadi moja kwa bahasha moja, ndani ya boksi, kwenye kabati lisilogusa ukuta wa nje. Uru mnajua wenyewe unyevu wa Aprili. Sanduku la bati la bibi limefanya kazi nzuri, ila bati linatoa jasho, usilirudie. Usiandike chochote nyuma ya kadi kwa peni. Usibandue stempu kwa mvuke, hata ukiambiwa stempu ndiyo yenye bei. Kadi nzima, ikiwa na stempu, muhuri na mwandiko wake mahali pake, ndiyo wakusanyaji wanayoitafuta.

Kusoma maandishi yaliyofifia ni kazi ya mwanga. Weka kadi mezani karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, halafu chukua picha kwa simu bila fleshi huku mwanga ukitoka upande mmoja, chini kabisa, karibu usawa wa meza. Penseli huacha mfereji kwenye karatasi, na mwanga wa kulala unauonyesha hata rangi ikiwa imetoka. Kwa ile kadi ya wino wa kahawia, waombe wenye duka tochi ya kukagulia noti bandia. Wino wa zamani wa chuma unanyonya mwanga ule na kuonekana mweusi zaidi. Sekunde chache tu, piga picha, zima.

Sasa niseme na wengine wanaosoma hapa, maana najua wapo wenye kadi, daftari la shamba, risiti ya kodi ya kibanda, au rupia moja iliyofungwa kwenye kitambaa. Rupia ya fedha ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, nyingi yake fedha. Ina bei ya fedha hiyo, na kwa mkusanyaji inaongezeka kidogo kulingana na mwaka na hali yake. Haina nguvu nyingine. Anayekuambia inanunuliwa kwa mamilioni lakini utoe kwanza hela ya kupima, ameshapata alichokuja kukitafuta. Anayeleta zebaki eti ya kuipima ndani ya nyumba yenye watoto, mfukuze, ile ni sumu. Na kuchimba ardhi kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hata kama shamba ni lako. Watu hawa hawachimbi wenyewe. Wanakuacha wewe na jembe, na mgomba wa babu umeng'olewa, na jirani ameshapiga simu kwa mwenyekiti. Ukiwa na karatasi ya Kijerumani usiyoielewa, kuna Nyaraka za Taifa Dar es Salaam wanaotunza mafaili ya serikali ile, na kuna makanisa ya huku kwetu, Walutheri na Wakatoliki, ambayo wamisheni wake waliandika mwandiko huohuo. Ulizia huko kwanza. Kuuliza ni bure.

Kadi yako ya penseli nimeisoma kadiri picha ilivyoruhusu. Imeandikwa kwenda Tanga, kwa "Liebe Schwester", ambayo kwa Kijerumani ni dada mpendwa lakini pia ni muuguzi, na sijui bado ni yupi. Huenda baba yake bibi alifanya kazi nyumbani kwa mpokeaji, wazee wenu watajua. Anasema hajambo, homa imemwacha. Anasema wiki nzima mlima haujaonekana kwa mawingu, na mtu wa Moshi aliyepitia Juni hapa hahitaji tafsiri zaidi. Anasema treni sasa inafika hadi huku, na kweli reli ya Tanga ilikuwa imefika Moshi mwaka uliotangulia, 1911. Halafu: wiki ijayo nashuka kwa treni, na nitakuletea…

Neno linalofuata ndilo lililoingia limao. Naona herufi ya mwanzo, ni K kubwa, na mkia wa herufi mbili zinazofuatana, pengine ff. Nadhani ni Kaffee, lakini sitaapa kwa wingu la zambarau. Nipigie picha kona ile kwa mwanga wa kulala kama nilivyoeleza, pande zote nne, unitumie. Kama alibonyeza penseli vya kutosha, mfereji bado upo.