Barua kwa mwanangu: waulize usiku wanafanyaje

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unasema madaktari wamekwisha kuwaambia kwamba saratani ya baba mkwe wako haitibiki tena, kwamba si mbali na mnapokaa kuna hospisi, yaani huduma ya kuwatunza na kuwatuliza maumivu wagonjwa wasiotibika, na kwamba kila uliyemuuliza habari zake amekujibu, "Ni watu wazuri, wana huruma." Wewe unataka kujua kama kazi wanaiweza. Tena umesisitiza kuwa unaniuliza kwa sababu nilikuwa muuguzi, si kwa sababu ni mama yako. Haya, nitajaribu, ingawa umama utapenya hapa na pale.

Huruma ni jambo kubwa, lakini haitulizi mfupa ulioingiwa na saratani. Swali la kuanza nalo ni hili: mzee akishikwa na maumivu saa nane usiku, nani atapokea simu, na dawa atapataje? Uliza hivyo hivyo, kisha nyamaza usikilize. Wanaoijua kazi watakujibu bila kubabaika. Yupo muuguzi wa zamu, namba ni hii, habari za mgonjwa anazo mkononi. Nyumbani mtakuwa mmeachiwa dozi za ziada na mmefundishwa kuzipima, na zisipotosha atakuja mwenyewe au atawaelekeza pa kwenda. Wengine watakuambia, "Mleteni asubuhi," au "Iteni gari la wagonjwa." Hapo ujue kwamba usiku hakuna hospisi, mpo ninyi na hospitali tu. Kuna zenye wafanyakazi wachache ambazo kweli haziwezi kumtuma mtu usiku, na hizo silaumu, mradi wawaambie mapema na wawaachie dawa na maelekezo ya kuwafikisha asubuhi.

Nang'ang'ania maumivu kwa sababu ndiyo asili ya kazi yenyewe. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alikuwa muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari akiwa mtu mzima. Alisisitiza kwamba mgonjwa wa maumivu ya kudumu apewe dawa kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, asisubiriwe mpaka alie. Mofini, ile dawa ya nguvu ya maumivu, ikiwa ni ya maji ya kawaida hutolewa kila baada ya saa 4, maana nguvu yake huishia hapo. Dozi ya kulalia mara nyingi huongezwa maradufu ili mtu asiamshwe usiku. Vidonge vinavyoachia dawa polepole huchukua kama saa 12. Juu ya hayo kunakuwa na dozi ya akiba kwa maumivu yanayopenya katikati. Ukiona cheti kimeandikwa "apewe akisikia maumivu" na hakuna kingine, na mzee haumwi kwa vipindi bali mchana kutwa na usiku kucha, waulize kwa nini.

Uliza pia kama mofini wanayo. Si "huwa tunayo", bali ipo leo? Nani anaruhusiwa kuiandika, na yeye akisafiri anabaki nani? Kuna mahali dawa ipo kabatini lakini mwenye sahihi hayupo. Uganda ililiona tatizo hilo, na mwaka 2004 ikaruhusu kisheria wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito ambayo ndiyo kazi ya hospisi, waandike mofini wenyewe, kwa kuwa madaktari hawakutosha kuwafikia wagonjwa majumbani. Hospisi isiyo na mofini, wala dawa nyingine ya nguvu kama hiyo, inakuja kumjulia hali mgonjwa tu.

Kisha kuna swali langu la mtego, ambalo nalipenda kwa kuwa halihitaji elimu kuliuliza. "Mkimwanzishia mofini, mnampa na nini?" Jibu linalotakiwa ni dawa ya kulainisha choo, tangu siku ile ile. Kichefuchefu na usingizi wa mwanzo mara nyingi hupungua baada ya siku chache, lakini kukosa choo humpata karibu kila anayeitumia, na mwili haukuzoei. Mgonjwa ambaye hajapata choo kwa siku nyingi huvimba tumbo, hukataa kula, huhangaika, pengine huchanganyikiwa, na nyumba nzima hudhani ndio ugonjwa umefika mwisho. Anayekujibu hilo papo hapo amekaa na wagonjwa. Ukitaka kwenda mbele zaidi, uliza wanafanyaje figo zikiwa dhaifu, maana mabaki ya mofini hulundikana mwilini, misuli ikaanza kurukaruka na akili kuvurugika. Wakikuambia kuwa hupunguza dozi, huachanisha zaidi saa za kuitoa, au hubadili dawa, tulia.

Umeniandikia kwamba mumeo anaogopa mofini itamfanya baba yake mlevi wa dawa, au itamuua upesi. Hofu hiyo ni ya watu wengi na si ujinga. Ukweli ni kwamba mofini ikianzishwa kwa kiasi na kuongezwa hatua kwa hatua kulingana na maumivu haimharakishi mtu kufa, na uteja si jambo la kuhofia kwa mgonjwa kama yeye anayepimiwa dawa yake. Lakini usimjibu wewe. Mwache amwulize muuguzi wa hospisi, nawe uangalie anavyojibiwa. Akikemewa, au akiambiwa "sisi ndio wataalamu", umeshapata jibu lako kuhusu hospisi hiyo. Watakuwa wakimfundisha mumeo kumpimia baba yake dawa, na mtu mwenye hofu isiyojibiwa hupunguza dozi kimyakimya.

Ziara ya kwanza ndiyo mtihani wao. Angalia kwanza wanazungumza na nani. Mzee bado ana akili zake timamu, anayewauliza ninyi "analalaje?" wakati mwenyewe yuko pale anasikia, huyo anaanza vibaya. Nataka nimwone muuguzi akivuta kiti, akae, amwulize mzee maumivu yako wapi, yakoje, kati ya 0 na 10 yamefika ngapi, yanamzuia kufanya nini. Nataka amwulize kinachomkosesha raha hata kisipokuwa cha mwili: deni, ugomvi na ndugu, sala zake, hofu ya kuwaacha ninyi. Saunders alifundisha kwamba maumivu ya mtu wa namna hii ni ya mwili, ya akili, ya jamaa na ya roho kwa pamoja, na kwamba kuna ambayo hayapungui kwa dawa mpaka jambo fulani lisemwe. Halafu nataka aombe kuona mdomo. Nitacheka ukisema mama yako ana mambo yake, lakini muuguzi anayemulika kinywani akatazama utando mweupe na vidonda, kisha akamgeuza mgonjwa taratibu akaangalia mgongo, nyonga na visigino, huyo namwamini kabla sijasoma cheti chake. Akibadilisha dawa, je, kesho yake anapiga simu kuuliza imefanyaje kazi?

Kuhusu jengo, bustani na picha za ukutani sina la kusema. Mzee atauguzwa nyumbani. Usajili uhakikishe kwa mamlaka inayosimamia huduma za afya. Ni jambo la siku moja. Gharama waandikiane nanyi: kipi kimo katika huduma na kipi mtanunua wenyewe, hasa dawa, godoro la kuzuia vidonda vya kulalia na oksijeni. Hapo wengi hushtuka katikati ya safari.

La ukweli ni gumu zaidi. Unasema wifi yako mkubwa hataki mzee aambiwe. Hospisi nzuri haitambwagia mgonjwa habari mbaya asiyoiomba, na haitamdanganya akiuliza. Humwuliza yeye mwenyewe anataka kujua kiasi gani, na kama angependa mambo yake azungumziwe na nani. Waulize wanafanyaje familia ikiwaomba wafiche. Wakisema "tunafuata familia inavyotaka", mimi ningesita. Wanaotaka kumpendeza kila mtu ndio hao hao watakaomtundikia mgonjwa dripu dakika za mwisho ili ndugu waone kitu kinafanyika, wakati mwili unaofunga kazi haumudu tena maji mengi, yakaishia kwenye mapafu na miguu. Simaanishi dripu ni mbaya daima. Uliza tu sababu, na sababu iwe ya mgonjwa.

Huyo huyo wifi anasema kuita hospisi ni kumkatia mzee tamaa. Mweleze kwa upole kwamba utafiti mmoja uliofanyika Boston na kuchapishwa 2010, wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, uliwalinganisha waliopewa tiba shufaa mapema sambamba na matibabu yao na waliopewa matibabu ya kawaida pekee. Wale wa kwanza waliishi wakiwa na hali nzuri zaidi, tena kwa kipimo cha kati, yaani muda ambao nusu yao waliuvuka, walidumu miezi 11.6, wenzao 8.9. Usimwahidi kwamba itakuwa hivyo kwa mzee. Ni saratani nyingine na amechelewa. Mwambie tu kwamba anayeita hospisi hajamwacha mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya wote wanaohitaji huduma hii duniani, ni kama asilimia 14 tu wanaoipata. Ninyi mnayo karibu na mlango.

Sasa siku za mwisho, na unisamehe niandike wazi. Itafika siku hawezi kumeza. Waulize leo, siyo siku hiyo, dawa atazipataje: kwa sindano ndogo chini ya ngozi, kwa pampu inayosukuma dawa polepole, au kwa matone shavuni? Nani atawafundisha? Watakuja mara ngapi? Marekani wanayo alama ya ubora inayohesabu kama katika siku 3 za mwisho wa uhai muuguzi au ofisa ustawi wa jamii alifika kwa mgonjwa angalau siku 2. Nimeipenda alama hiyo kwa sababu haiwezi kupambwa kwa maneno: walikuja au hawakuja. Waulize wenu wanafanyaje. Uliza pia kama watawaeleza mapema habari ya kupumua kwa vituo na ule mkoromo wa kooni, ambao huwatisha walio hai kuliko anavyouhisi mgonjwa. Familia isiyoelezwa hubeba mgonjwa mbio hospitali saa chache kabla hajafa, afie njiani. Na akishafariki, nani atathibitisha kifo kama ni usiku, mofini iliyobaki anakabidhiwa nani, na je, kuna atakayerudi kuwaangalia ninyi?

Ukienda kwa familia zilizowahi kuhudumiwa, usiwaulize kama waliridhika. Wafiwa hushukuru hata walipopuuzwa, maana kumlaumu aliyemgusa marehemu wao kunawauma. Waulize mambo yaliyotokea: mlipopiga simu usiku ilikuwaje? Kuna siku mlikaa bila dawa? Alikuwa anakuja muuguzi yule yule au kila wiki mgeni? Na hospisi yenyewe iulize kitu ilichobadilisha kwa sababu ya malalamiko ya familia. Isiyowahi kulalamikiwa haisikilizi, au haina daftari la kuandikia.

Huenda ukakuta wanajibu vizuri nusu na nusu vibaya, na nyingine ya kuchagua hakuna. Basi msiwakatae. Jueni tu pengo liko wapi mlizibe wenyewe: usiku wakiwa hawapo, tafuteni mapema daktari au muuguzi atakayekubali kupigiwa, na dawa ziwepo ndani kabla hazijahitajika. Kitu kimoja tu ndicho ningekataa bila kusita, nacho ni hospisi inayomwacha mtu na maumivu makali siku mbili mfululizo ikisema ni kawaida ya ugonjwa huo. Hapo hameni.

Maswali aulize mumeo, ni baba yake, na shemeji zako watayakubali majibu yakitoka kwake. Wewe andika. Kabla hamjasaini, pigeni ile namba ya usiku, mseme kweli kwamba mnaulizia tu, muone inapokelewa baada ya muda gani na mpokeaji anaongeaje. Kisha niambie walichosema juu ya usiku na juu ya choo, nami nitakupigia tuyapitie pamoja kabla hajaja muuguzi wa kwanza. Msalimie mzee. Mwulize kama angependa nije nikae naye kidogo, akikubali, nitakuja.

Mama yako