Dawa ya minyoo kwa farasi: ichaneni kalenda ya miezi miwili

Wageni wa zizi, kila mwaka swali lenu ni lilelile: "Tuwanyweshe dawa kila baada ya miezi mingapi?" Ratiba ya miezi miwili ilitungwa miaka ya 1960 kumwinda Strongylus vulgaris, mnyoo wa utumbo wa kundi la strongili wakubwa, ambaye sasa ni nadra. Anayesumbua leo ni strongili wadogo, na ratiba hiyohiyo ndiyo iliyowazoesha dawa.

1. Hesabu kwanza mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Farasi mzima aliye chini ya mayai 200 kwa gramu, dawa mara moja au mbili kwa mwaka inamtosha. Aliyevuka 500 huongezewa.

2. Usipime mapema. Hapa ndipo mnapotumaliza. Farasi kapewa dawa ya minyoo, ivamektini, wiki ya 5 mtu anachota kinyesi, hadubini inaonyesha sifuri, naye anaandika kwa mbwembwe: "hatoi mayai." Sifuri hiyo ni ya dawa, si ya farasi! Ivamektini hunyamazisha mayai wiki 6 hadi 8, moksidektini 10 hadi 12, fenbendazoli 4 hadi 5. Subiri muda huo uishe, ongeza wiki 4, ndipo upime. Vinginevyo mtoaji mkubwa wa mayai anaingia daftarini kama msafi na kuyachafua malisho mwaka mzima, huku wenzake wakipewa dawa wasiyoihitaji. Kipimo cha siku ya 14 kipo, lakini hicho hulinganishwa na hesabu ya kabla ya dawa: kwa ivamektini, mayai yakipungua kwa chini ya asilimia 95, shuku usugu. Na kinyesi kiwe kibichi, mfuko ukamuliwe hewa, uwekwe friji. Si friza, tafadhali. Kilichoshinda juani mayai yake yameshaanguliwa, mtaletewa sifuri nyingine ya uongo.

3. Uzito haukisiwi kwa macho. Mzingo wa kifua mara mzingo mara urefu wa mwili, kwa sentimita, gawanya kwa 11,880. Kifua 180, urefu 160: kilo 436. Ukikisia 350, umempa asilimia 80 tu ya dozi. Minyoo dhaifu inakufa, sugu inabaki kuzaana.

4. Watoto wa farasi hawafuati hesabu hii. Dozi ya kwanza miezi 2 hadi 3, kwa kawaida fenbendazoli, maana askaris, minyoo mviringo ya watoto hao, wengi wameizoea ivamektini. Moksidektini chini ya miezi 6, msithubutu.

5. Minyoo tegu hujificha kwenye hesabu ya mayai, hivyo wapeni dawa yake, prazikwanteli, mara moja kwa mwaka. Na kinyesi kizolewe malishoni mara mbili kwa wiki, hata siku ambazo hakuna msimamizi.